Tuongeze ada kwa ajili ya akili mnemba, au tubaki na mfumo tulio nao?

Ndugu Mshauri,

Mimi ni meneja wa shughuli katika kampuni ya ukubwa wa kati inayosambaza vipuri vya mashine. Tuna mfumo mmoja wa kuendeshea biashara: mauzo, manunuzi, stoo, wadaiwa na leja, vyote vimo humo. Mkataba wetu unakaribia kuisha, na kampuni iliyotuuzia mfumo imekuja na kifurushi kipya ambacho wanasema kina akili mnemba. Ada yake kwa kila mtumiaji ni kubwa kuliko tunayolipa sasa, na wanataka tusaini miaka mitatu.

Tulifanyiwa onyesho. Tuliona mfumo ukisoma ankara za wasambazaji na kuziingiza kwenye vitabu bila mtu kuandika. Ukakisia mahitaji ya kila kipuri na kupendekeza oda. Ukatoa tahadhari kwa miamala isiyo ya kawaida. Ukampa kila mteja alama ya uwezekano wa kuchelewesha malipo. Mwisho kukawa na msaidizi ambaye unamwandikia swali kama unavyoongea, kwa mfano "wateja gani wameacha kununua robo hii?", naye anakujibu papo hapo. Anaandika hata barua pepe za kudai madeni.

Mkurugenzi alitoka pale amevutiwa mno, na ana wasiwasi kwamba washindani watatuacha nyuma. Mhasibu mkuu, mama ninayemheshimu kwa kazi yake, alisema maneno mawili tu: "Chema chajiuza." Baadaye akaniambia kuwa data zetu hazijakaa sawa. Kuna vipuri vilivyosajiliwa mara mbili kwa namba tofauti, na hesabu ya stoo husawazishwa mwisho wa mwezi tu. Huku nyuma vijana wa mauzo wameshaanza kubandika orodha za wateja kwenye programu za bure za akili mnemba ili ziwaandikie barua.

Mimi ndiye niliyepewa kuandika mapendekezo. Kila nikiuliza faida, kampuni ya mfumo inanijibu "usahihi wa asilimia 95" na "kuokoa muda". Sijui nizipime vipi kauli hizo. Sitaki niwe niliyezuia maendeleo, wala niliyeifunga kampuni kwa miaka mitatu kwa kitu ambacho hakuna atakayekitumia. Nianzie wapi?

Meneja aliye katikati

*

Ndugu Meneja,

Asante kwa barua iliyojaa maelezo. Nadhani kinachokukwamisha ni jinsi swali lenyewe lilivyowekwa mezani. Umeambiwa uamue kama kampuni inunue akili mnemba, ilhali kwenye onyesho lile ulionyeshwa zana kadhaa zisizo na undugu mkubwa. Kusoma ankara ni kutambua maandishi yaliyo kwenye picha. Kukisia mahitaji ni takwimu, tena baadhi ya mbinu zake zina umri mkubwa: J. D. Croston alichapisha mwaka 1972 njia ya kukisia bidhaa zinazouzwa kwa nadra, aina ya bidhaa ambayo vipuri vingi vinaangukia. Msaidizi wa kuandikiana naye ni jambo jingine kabisa, lililoenea maofisini baada ya ChatGPT kutoka mwishoni mwa 2022. Kuzifunga zote kwenye bei moja kunamfaa muuzaji. Wewe zifungue, kila moja uipime peke yake.

Kwa kila kipengele kuna mambo mawili ya kuuliza. Je, kukagua kilichofanywa na mfumo ni kazi ndogo kuliko kukifanya mwenyewe? Na kosa likipita bila kuonekana, litagunduliwa lini, likiwa limeshatugharimu nini? Nimeona watu wakibishana kwa saa nzima kuhusu kama mfumo "una akili kweli", kisha wakanunua bila kuuliza hata moja kati ya hayo mawili. Inanisikitisha, kwa sababu thamani yote imejificha humo.

Tuchukue ankara. Hapa ukaguzi ni rahisi: picha ya ankara iko upande mmoja, tarakimu zilizosomwa upande wa pili. Mistari lazima ijumlike hadi jumla ya chini. Ankara lazima ioane na oda mliyotoa na hati ya kupokea mzigo. Kosa likitokea, hesabu yenyewe hulifichua kabla fedha hazijatoka. Ndiyo maana nakiona hiki kuwa kipengele chenye nafasi kubwa zaidi ya kuwafaa.

Lakini usiikubali ile asilimia 95 mpaka uulize ni asilimia 95 ya nini. Kama ni ya kila kisanduku kinachosomwa, piga hesabu. Ankara yenye visanduku 20, yaani tarehe, namba, bei, idadi, kodi na vinginevyo, ina uwezekano wa kutoka safi yote sawa na 0.95 iliyozidishwa yenyewe mara 20, ikiwa makosa yanatawanyika ovyo. Jibu ni kama 0.36. Maana yake ankara 64 katika kila 100 zitahitaji mkono wa mtu. Kama ni asilimia 95 ya ankara nzima, hiyo ni habari tofauti kabisa, na ni nzuri. Tarakimu ni ileile, lakini moja inakupunguzia kazi na nyingine inakubadilishia tu aina ya kazi.

Katika majaribio, ankara chagua wewe. Weka zile mbaya: zilizopigwa picha zikiwa zimepinda, zenye kurasa nyingi, zenye punguzo kwenye kila mstari, zenye fedha za kigeni, na hati za kurudishiwa fedha ambazo mfumo unaweza kuzisoma kama madai mapya. Kisha pima dakika tangu ankara inafika mpaka inapitishwa, masahihisho yakiwemo, ulinganishe na dakika mnazotumia leo. Na hata mkiridhika, msiruhusu kamwe mfumo ubadilishe akaunti ya benki ya msambazaji kwa sababu tu ankara mpya imekuja na namba tofauti. Huo ni mlango unaojulikana wa matapeli, na kasi ya mashine inaufungua zaidi. Badiliko la akaunti lithibitishwe na mtu, kwa kumpigia msambazaji kwenye namba ya simu mliyokuwa nayo tangu awali.

Tahadhari za miamala zinahitaji uangalifu mkubwa zaidi, maana huku asilimia hudanganya vibaya. Chukua mfano wa miamala 1,000 ambayo 10 kati yake ina tatizo kweli. Mfumo unanasa 9, jambo la kupongezwa. Ila unakosea pia kwa asilimia 5 ya ile iliyo salama, na asilimia 5 ya 990 ni kama 50. Mezani kwa mama mhasibu zinatua tahadhari 59, na za kweli ni 9. Kwa kila tahadhari ya maana, atafungua tano au sita za bure. Mwezi wa kwanza atazisoma zote. Mwezi wa tatu ataanza kuzipitisha kwa kubofya tu, na siku ya wizi wenyewe itapita humohumo. Tatizo hilo linatokana na uchache wa makosa katika miamala mingi, kwa hiyo hata mfumo ulioundwa vizuri unalo.

Kwa hiyo waulize: tahadhari ngapi kwa wiki kwa kampuni yenye miamala kama yetu? Tunaweza kupandisha au kushusha kiwango cha ukali? Kila tahadhari inataja sababu yake? Kisha wape data za mwaka uliopita, ambao makosa yake mnayajua kwa sababu wakaguzi waliyakuta. Mtaona yapi yalinaswa, yapi yalipita, na zogo lilikuwa kubwa kiasi gani. Kama ankara iliyolipwa mara mbili haikunaswa, ujue hata kanuni rahisi ya "msambazaji yuleyule, kiasi kilekile, namba ileile" ingeinasa bila akili mnemba yoyote.

Nije kwenye makisio ya mahitaji, ambako naamini ndiko fedha nyingi zaidi hupatikana au hupotea katika biashara ya vipuri.

Uwanja huu umepimwa hadharani kwa miaka mingi kupitia mashindano yaliyoasisiwa na Spyros Makridakis. Katika yale ya 2018, yajulikanayo kama M4, mbinu zilishindanishwa kwenye mifululizo 100,000 ya data. Mbinu sita za kujifunza kwa mashine peke yake, yaani programu inayojitafutia kanuni ndani ya data, ziliwasilishwa, na hakuna hata moja iliyoshinda kipimo cha kawaida kilichotokana na kuchanganya mbinu rahisi za takwimu. Aliyeibuka wa kwanza alichanganya takwimu za kale na mtandao wa neva, ambao ni aina mojawapo ya kujifunza kwa mashine. Mashindano yaliyofuata, M5 ya 2020, yalitumia mauzo ya maduka ya Walmart ya Marekani, na safari hii kujifunza kwa mashine kukaongoza. Tofauti muhimu ilikuwa kwenye data: mauzo ya kila siku ya bidhaa nyingi zinazohusiana, pamoja na bei na kalenda ya matukio. Mashine ilikuwa na mengi ya kujifunza.

Data zenu ziko upande upi? Wewe unajua kuliko mimi, ila ninachokisoma kwenye barua yako kinanipa shaka. Kipuri kilichosajiliwa kwa namba mbili kinaonekana kwa mfumo kama bidhaa mbili zinazouzwa nusu nusu, kwa hiyo makisio ya kila moja yatakuwa madogo. Liko na lingine ambalo watu wengi hawaliwazi: mfumo unajua mlichouza, haujui mlichoombwa. Kipuri kilipoisha stoo kwa wiki tatu, mauzo yake yaliandikwa sifuri. Mteja alikuja, akakikosa, akaondoka. Mashine inasoma sifuri ile kama dalili kuwa hakihitajiki, inapendekeza oda ndogo, kinaisha tena mapema, nayo inazidi kuamini. Msipokuwa na njia ya kurekodi maombi yaliyokosa mzigo, au walau ya kuuambia mfumo siku ambazo stoo ilikuwa tupu, mtalipia zana ya kuwaongezea upungufu. Mama mhasibu yuko sahihi, na hoja yake iandikwe kwenye mapendekezo yako kwa jina lake.

Jaribio lake ni hili. Ficha data za miezi sita ya mwisho. Waambie wakisie miezi hiyo kwa kutumia data za nyuma yake tu. Pembeni, andaa makisio ya kijima: wastani wa miezi mitatu iliyotangulia, au mauzo ya miezi kama hiyo mwaka jana. Mwombe na mtunza stoo aandike ya kwake kwa vipuri vichache vinavyotoka sana. Baada ya hapo fungua data halisi na ulinganishe. Usiishie kwenye asilimia ya kosa. Igeuze iwe fedha: ni mauzo gani tungeyakosa, na ni mzigo gani ungelala stoo? Mfumo unaoshindwa na wastani wa miezi mitatu hauna cha kuwauzia hapo, hata kama grafu zake zinapendeza.

Halafu kuna tofauti kati ya kuonyeshwa kisio na kulitendea kazi. Zillow ya Marekani ilikuwa ikionyesha makadirio ya bei za nyumba kwa miaka mingi, na mtu aliyeyaona si sahihi aliyapuuza tu. Baadaye kampuni ikaanza kununua nyumba yenyewe, na Novemba 2021 ikatangaza kuifunga biashara hiyo, ikieleza kuwa kutabiri bei za nyumba kulikuwa kugumu kuliko ilivyotarajia, na takribani robo ya wafanyakazi wake wakapunguzwa. Kwenu, maana yake ni swichi moja: "pendekeza oda" au "tuma oda". Ya pili ibaki imezimwa mpaka ile ya kwanza iwe imejithibitisha kwenye vipuri vyenu, tena kundi kwa kundi.

Alama za wateja nazipita haraka. Mnayo tayari ripoti ya umri wa madeni, inayoonyesha kila deni limekaa muda gani. Wachukue wateja wote waliochelewa mwaka jana na uulize: alama ilimtaja nani ambaye ripoti ile haikumtaja? Kama jibu ni hakuna, mnalipia jambo mnalolijua. Kama lipo la ziada, alama itumike kuamua nani apigiwe simu kwanza, na isiamue peke yake nani anyimwe mkopo. Mteja mpya asiye na historia anaweza kupewa alama mbaya bila kosa lolote, na muuzaji wenu atashindwa kumweleza kwa nini.

Msaidizi wa kuandikiana naye ndiye aliyemvutia mkurugenzi, na namwelewa. Kuuliza biashara yako swali na kujibiwa ni raha ya kweli, hasa kwa mtu aliyezoea kusubiri ripoti siku mbili. Ila lazima mjue namba inatoka wapi. Programu za aina hii hujenga sentensi kwa kukadiria maneno yanayofuatana, na zinaweza kusema uongo kwa ufasaha uleule zinaosemea kweli. Iliyotengenezwa vizuri hulitafsiri swali kuwa ombi kwa hifadhidata, hifadhidata ndiyo inayohesabu, na mtumiaji anaonyeshwa vichujio vilivyotumika: tarehe zipi, matawi yapi, mauzo kabla au baada ya kodi, bidhaa zilizorudishwa zimetolewa au la. Isiyoonyesha hayo, msiitumie kwa uamuzi wowote wa fedha. Kosa la kawaida huwa kwenye maana ya neno kuliko kwenye kujumlisha. "Mteja aliyeacha kununua" ni yupi? Wa siku 30 au wa siku 90? Mkurugenzi ana jibu lake kichwani, mfumo una lake, na hakuna aliyeuliza.

Mjaribu kwa maswali ambayo majibu yake mnayo kwenye ripoti zilizofungwa. Uliza swali moja kwa maneno matatu tofauti uone kama tarakimu inabaki. Mwulize kuhusu mteja ambaye hayupo. Ingia kwa nywila ya kijana wa mauzo, uulize mishahara ya wakurugenzi. Ukijibiwa, mazungumzo yameishia hapo. Kuandika barua pepe za madeni ni msaada mdogo lakini wa kweli, mradi mtu asome kabla ya kutuma. Msaidizi huyo asiachiwe azungumze na wateja moja kwa moja. Februari 2024, baraza la usuluhishi la British Columbia, Kanada, liliamuru Air Canada imlipe abiria aliyepewa maelezo yasiyo sahihi kuhusu nauli na roboti ya mazungumzo kwenye tovuti yake. Shirika lilijitetea kana kwamba roboti ile inawajibika yenyewe, na baraza likakataa.

Kuhusu "kuokoa muda": muda uliookolewa una thamani pale tu mnapojua unakwenda wapi. Vitabu vitafungwa mapema? Malipo ya saa za ziada yatapungua? Mtawahi punguzo la kulipa wasambazaji mapema? Taja mojawapo, liwekee tarakimu ya leo, uone kama litasogea. Upande wa pili uandike ada, mafunzo, kazi ya kusafisha data, na saa za kukagua. Saa za kukagua ndizo zinazosahaulika, na hazimo kwenye jedwali lolote la muuzaji.

Usione aibu kudai ushahidi. Machi 2024, mamlaka ya soko la mitaji ya Marekani, SEC, ilizitoza kampuni mbili za ushauri wa uwekezaji, Delphia na Global Predictions, jumla ya dola 400,000 kwa kutoa madai yasiyo ya kweli kuhusu matumizi yao ya akili mnemba. Madai ya aina hiyo yapo, na mteja anayeuliza anafanya kazi yake.

Mkurugenzi umjibu kwa heshima lakini waziwazi. Kipengele ambacho muuzaji anakiuza kwenu leo anaweza kukiuza kwa mshindani kesho. Orodha safi ya vipuri, stoo inayohesabiwa kwa mafungu kila wiki badala ya kusubiri mwisho wa mwezi, na kumbukumbu za maombi yaliyokosa mzigo haziuzwi na yeyote. Kazi hiyo ianze sasa, mnunue au msinunue, kwa sababu ina faida hata kwenye mfumo mlio nao. Na suala la vijana wa mauzo lisisubiri mkataba: wiki hii toeni agizo la maandishi kwamba majina, bei na madeni ya wateja havibandikwi kwenye programu za bure, na muwape njia halali ya kupata msaada wanaoutafuta, la sivyo watajificha.

Miaka mitatu kwa kifurushi kizima, kataa. Omba robo mwaka ya majaribio kwa data zenu, mkianza na kusoma ankara, huku tahadhari zikijaribiwa pembeni kwa data za mwaka jana na makisio yakisubiri namba za vipuri zisafishwe. Mkataba useme kila kipengele kinaweza kuzimwa na ada yake kukatwa, data zenu hazitatumika kufundishia mfumo wa wengine, kila kilichofanywa na mashine kinaacha kumbukumbu ya nani alikipitisha, na kama kuna kikomo cha matumizi, kinachofuata baada ya kukivuka kinajulikana mapema.

Msimamizi wa majaribio awe mama mhasibu. Mpe mamlaka ya kuyasimamisha, na ripoti ya mwisho aiandike yeye, kampuni ya mfumo ikiombwa maelezo tu pale anapoyahitaji. Akisema ankara zinapita vizuri, mkurugenzi atakuwa na sababu ya kusaini. Akisema hazipiti, atawaonyesha ni zipi na kwa nini, nanyi mtakuwa na la kuwadai wauzaji kabla hamjatoa hata senti ya ada mpya.